Fomu Niliyoijaza Kabla ya Kufika

Jamani, nilivyofurahi! Hatimaye alikuwa amejitokeza mtu wa kumlea yule mtoto. Binti wa miaka miwili, aliachwa stendi, na tangu hapo anaishi kituoni. Mimi ndiye afisa ustawi wa jamii niliyeshika faili lake, na nilimpenda, sifichi.

Mwombaji alikuwa mama mfugaji, Msukuma, anaishi huko bondeni karibu na Muze. Nilipoona kabila tu, furaha ikapungua. Hawa nawajua, nikajisemea. Basi, kwa haraka zangu, fomu ya ukaguzi wa makazi nikaijaza palepale ofisini, Majengo, nikabakiza sahihi. Mimi huyuhuyu, Mfipa, ambaye chuoni mwenzangu alihama chumba akiogopa nitamroga, eti kwa kabila langu, nikalia wiki nzima!

Nikafika, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanikaribisha maziwa. Nikamtolea fomu na wino, aweke dole gumba.

"Nisomee kwanza, mwanangu. Mimi sikusoma."

Lo! Ndio utaratibu, ningekataaje? Nikasoma: familia ni ya kuhamahama, watoto hawapelekwi shule, mtoto hatakuwa salama.

Hakugomba, afadhali angegomba. Alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima, ya matofali, aliyoingia kabla mimi sijaanza sekondari. Akanionyesha madaftari ya binti zake, kisha kitanda kidogo, kimeshatandikwa.

"Haya uliyaandikia wapi?"

"Ofisini, mama. Nisamehe."

Aibu iliyonipata! Nikataka kuichana ile karatasi. Akanizuia.

"Usichane. Jaza nyingine, upeleke zote mbili. Wakubwa wako wazione."

Kazi yangu niliiona inaota mbawa. Lakini nilijaza nyingine nimepiga magoti kando ya kile kitanda, safari hii nikiandika ninachokiona, nikazipeleka zote.

Bosi alinisema, acha tu! Ile ya kwanza hadi leo nawasomea vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo, na sifichi ni mwandiko wa nani. Ila maombi ya mama yakapitishwa! Nilipiga vigelegele ofisini, watu wakachungulia dirishani.

Siku ya kumpeleka nilivaa gauni langu zuri, nimejiandalia na maneno ya kusema. Yule mama akatoka mbio, akamchukua mtoto mgongoni mwangu, akaingia naye ndani. Mimi hata karibu sikuambiwa. Nikabaki uani na kanga tupu mkononi, nacheka na kulia.