Televisheni Mlangoni

Asubuhi ile ya mwisho chai ilikuwa imepoa, na mzee alilalamika. Mkewe akamwambia chai haijapoa, yeye ndiye aliyechelewa. Basi akainywa hivyohivyo.

Mkewe alikuwa ameketi mahali pake, kwenye cherehani, kati ya madirisha mawili. Jua lilikuwa limeshaingia mpaka ukuta wa pili. Hakukuwa na chumba chenye mwanga kama kile mtaa mzima. Mzee alikuwa mwashi, na zamani mkewe alipolalamika kwamba anatunga uzi kwa kubahatisha, alichukua nyundo na tindo akavibomoa vidirisha vya awali, akatoboa madirisha makubwa. Watu walicheka. Walisema mwashi kajijengea kituo cha basi. Mkewe hakucheka. Alisogeza cherehani kwenye mwanga akaanza kushona.

Televisheni yao ya zamani ilikuwa imebaki sauti tu. Picha ilikufa siku nyingi. Walikuwa wakiisikiliza taarifa ya habari huku wameikodolea macho, kwa mazoea.

"Jumamosi twende tukatazame nyingine," mkewe akasema. "Kubwa. Macho yangu yamechoka na vitu vidogo."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Twende wote."

"Wewe una kazi za watu hapo."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Sema tu unaona haya."

"Haya ya nini?"

Mkewe aliinuka. Alikunja gauni la kijani alilokuwa amelimalizia pindo, akalifunga kwenye karatasi, akatoka kulipeleka kwa mwenyewe, mtaa wa pili. Huko ndiko alikoanguka. Mzee alipofika, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, walikuwa wameshamfunika.

Mazungumzo yale mzee hakumsimulia mtu. Waliomuuliza aliwaambia walizungumza habari za chai. Ukweli ni kwamba aliona haya kwenda dukani na mkewe.

Maduka yote ya vitambaa yalimjua mkewe kwa jina la Mama Mlangoni. Jina hilo alilipata kwa jasho. Alipokuwa msichana, ndiyo kwanza amehitimu kazi, alipewa ashone sare za wahudumu wa hoteli. Akanunua kitambaa cheusi, majora mawili, chini ya taa ya duka. Akashona, akapiga pasi, akapeleka. Wahudumu walipotoka nje kupigwa picha, jua likasema kweli: mgongo mweusi, kifua cha buluu. Meneja alimrudishia sare zote palepale mbele ya watu, naye akazitwika kichwani akapita nazo njia nzima mpaka kwao. Tangu siku hiyo hakununua tena kitambaa chini ya taa.

"Taa ni ya mwenye duka," alikuwa akisema. "Jua halina duka."

Basi akifika dukani ilikuwa salamu kwanza, utani kidogo, halafu: "Baba, hili tulitoe mlangoni." Jora ni zito kama mtoto aliyelala. Alilikokota hadi kizingitini, akalikunjua juani, wateja wakashindwa kuingia na waliokuwa ndani wakashindwa kutoka. Kisha alihitaji mtu wa pili ashike ncha, ili kitambaa kinyooke na yeye apate kurudi nyuma akitazame. Mtu huyo alipaswa kuwa mumewe. Mumewe alikuwa ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo palikuwa na duka la viatu. Mzee alivijua viatu vya duka lile kuliko mwenye nalo. Alivitazama vya kiume, akaja vya kike, akamalizia vya watoto, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja mjini peke yake. Mkewe akamwita kwa sauti, kila mara kwa maneno yaleyale, na barabara nzima ikageuka ikacheka. Hapo tena hana budi. Alivuka, shingo imezama mabegani, akashika ncha huku akitazama chini. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wa mzee haukutiwa kitu kingine.

Na mkewe hakununa hata mara moja. Aliporidhika na rangi alimshukuru mwenye duka, akamkabidhi mzee mfuko, wakarudi nyumbani wakizungumza mambo mengine.

Baada ya mazishi nyumba ikanyamaza. Cherehani ilifunikwa. Watoto wao, binti na kaka yake, wanaishi mbali, kila mmoja na familia yake. Wakaambiana baba atazungumza na kuta mpaka lini, wakachanga, wakamtumia cha kununulia televisheni.

"Baba, uende na mtu," binti akamwambia kwenye simu.

"Nina miguu, mama."

Akaenda peke yake. Duka lilikuwa na giza la makusudi, halina dirisha hata moja. Televisheni zilijaa ukutani, zote zikionyesha samaki walewale, wa rangi ambazo mzee hajawahi kuziona kwa samaki. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mpole.

"Itakaa wapi, mzee? Chumba kina mwanga sana?"

"Wa kawaida."

"Nauliza kwa sababu kama kina madirisha makubwa, hii hapa..." Akaigusa moja ambayo uso wake ulikuwa umefifia, haung'ai, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Iliyo jirani yake ilimetameta kama kiatu kipya.

Mzee akasikia kichwani sauti anayoijua: tuitoe mlangoni. Nyuma yake walikuwapo watu wanasubiri. Masikio yakamchemka. Kitambaa sawa, lakini televisheni? Wangesema mzee kachanganyikiwa tangu afiwe.

"Nipe hii inayong'aa," akamkatiza muuzaji, akatoka upesi kama mtu aliyeiba.

Jirani yake, mstaafu ambaye wote humwita Dereva, alikuwa na pikapu. Ndiye aliyeileta, ndiye aliyesaidia kuitundika ukutani, ikitazamana na madirisha. Usiku ule ilikuwa raha tupu. Mzee alilala amekaa.

Kulipokucha akaiwasha. Akaona madirisha mawili, akaona cherehani iliyofunikwa, na katikati mzee mmoja mwenye fulana iliyotoboka. Taarifa ya habari ilisikika mahali fulani nyuma ya huyo mzee.

Mchana Dereva akaja kutazama mechi. Akakaa, akakunja miguu, akakikodolea macho kioo.

"Mwashi, huyu mwenye kitambi anachezea timu gani?"

"Ni wewe."

"Ndiyo maana hakimbii." Akajiegemeza nyuma, na yule wa ukutani naye akajiegemeza. "Ungeniambia kwamba tunaonyeshwa sisi, ningevaa shati la maana."

"Usiku iko safi."

"Mechi ni mchana."

Binti akapiga simu kuuliza kama inaonyesha vizuri. "Vizuri sana," baba yake akajibu, na Dereva akatazama dari. Simu ilipokatika akasema, "Ziba dirisha moja basi. Si wewe uliyelifungua? Au tundika mapazia mazito, yaishe."

Kesho yake mzee akafungua kabati la mkewe. Chini kabisa palikuwa na bitana nyeusi, kipande kirefu kilichobaki kwenye kazi za watu. Akakichana vipande viwili, akavipigilia misumari juu ya madirisha. Chumba kikaingia giza mchana kweupe. Akawasha televisheni, kikawa kipindi cha samaki, na picha ikatoka kama ilivyokuwa dukani. Akaketi. Akajiambia, umeona, si jambo kubwa.

Alipoinuka kwenda kunywa maji, goti likagonga kitu. Cherehani. Kwenye chumba kile alikuwa akipita usiku bila taa asiiguse, leo kaigonga mchana. Kifuniko kikaanguka. Akapapasa ili akirudishe, vidole vikakuta sindano, na kwenye sindano bado upo uzi. Akainama, akaukaribia mpaka pua ikagusa chuma. Hakuiona rangi yake.

Bado ameinama hivyo akasikia hodi. Alikuwa mke wa Dereva, amesimama kizingitini, mkono kifuani.

"Shemeji, kuna nini tena humu? Nimeona vyeusi madirishani, moyo umenishuka."

Mzee akatafuta la kusema. Lililopatikana lilikuwa la kweli, nalo ndilo baya zaidi. "Nilikuwa natazama televisheni."

Mama yule akaitazama bitana. Alikuwa akiijua, aliwahi kushonewa koti lenye bitana hiyohiyo. Akatazama cherehani isiyo na kifuniko, akatazama wale samaki wanaoogelea gizani.

"Haya, shemeji," akasema polepole, akaenda zake. Afadhali angemtukana.

Mzee akang'oa misumari kwa mikono. Jua likaingia lote kwa pamoja, samaki wakatoweka, na kwenye kioo akabaki yeye na vitambaa vyeusi mkononi. Hakuweza kumtazama yule mtu. Akageuka kwenye cherehani. Uzi ulikuwa wa kijani.

Siku ya pili akampigia Dereva hodi asubuhi. "Tuirudishe."

"Imeharibika?"

"Mimi ndiye niliyeharibika. Washa gari."

Dukani muuzaji alimkumbuka. Akauliza kosa ni nini, akiwa tayari kabisa kuitetea bidhaa yake. Mzee akawaona watu wanasogea kusikiliza.

"Haina kosa. Uliniuliza chumba changu nikakudanganya. Kina madirisha kama mlango wa gereji. Ulipotaka kunieleza nikakukatiza."

"Si neno, mzee. Haina mkwaruzo, tutabadilisha. Ile isiyong'aa ndiyo iliyokufaa."

"Nataka kuiona kwanza."

"Hii hapa, inawaka."

"Siyo hapa." Sauti yake ikatoka ndogo. Ikabidi arudie. "Mlangoni. Juani."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. "Mzee anataka kuianika," akasema mama mmoja aliyebeba feni, na wengine wakamfuata kwa kicheko. Miguu ya mzee ilitaka kwenda ng'ambo ya barabara. Ilikuwa imezoea.

Hakwenda. "Marehemu mke wangu alikuwa hanunui kitu chini ya taa," akasema. "Nilimwachia aibu hiyo peke yake. Leo naomba unisaidie."

Kicheko kikaisha. Muuzaji akamtazama kidogo, akainama, akavuta waya mrefu wa umeme kutoka chini ya meza. Aliishusha televisheni, akaibeba mpaka kizingitini, mzee akiwa upande wa pili. Lakini sasa anayeshika haoni. Alijaribu kuchungulia kwa ubavu, picha ikampinda machoni. Miaka yote alidhani mkewe humwita abebe tu, kumbe bila mshikaji hakuna kuona.

"Nipishe nishike mimi, baba," yule mama wa feni akasema, akaitua feni yake chini. "Wewe rudi nyuma uangalie."

Mzee akarudi nyuma mpaka ukingo wa barabara. Wapita njia wakasimama. Mwenye baiskeli akauliza kama kuna mkutano. Jua lilimpiga mzee kisogoni na kuipiga televisheni usoni, lilelile la chumbani kwake. Akatazama. Samaki walikuwa samaki. Wamepauka kidogo, ndiyo, lakini wapo, wanaogelea, na mzee mwenyewe hakuonekana popote.

"Hii," akasema.

Muuzaji akaandika alichoandika, akaichomoa, akaifunga kwenye boksi lake, kisha akaitwa ndani na mteja mwingine. Mama wa feni akaenda zake. Mzee akabaki kizingitini ameshika boksi upande mmoja, upande mwingine umelalia ngazi, na watu wanajibana kupita. Akamtafuta Dereva. Pikapu ilikuwapo, mwenyewe hayumo.

Alikuwa ng'ambo. Kulikuwa na duka la vyombo, na Dereva alisimama mbele yake, mikono nyuma, akikagua vikombe ambavyo hatavinunua, shingo imezama mabegani, kama mtu asiyemjua yeyote upande huu.

Mzee hakukasirika. Angekasirika kwa uso gani? Alisimama na mzigo wake, akaitazama ile shingo, na hapo ndipo alipoona alichokuwa akikiona mkewe kila mara kutoka mlangoni, na ambacho mkewe alichagua kukicheka.

Alitaka kumwita Dereva, sauti ikakwama. Ya mkewe haikukwama hata siku moja. Aliweka mkono kiunoni, akavuta pumzi, akaita kwa maneno yaleyale ya mkewe, barabara nzima ikisikia:

"Wewe bwana wa viatu, njoo ushike upande wa pili. Au umekuja na mke wa mtu?"