Mkate wa Sufuria wa Ukubwa wa Ukucha

Kosa ninalolieleza hapa ni kiburi cha msomi, nacho kilikuwa changu.

Dada yangu, ambaye hakuvuka darasa la nne, aliuza mikate katika stesheni ya Malampaka miaka yote niliyosoma sekondari. Masomo yangu yalitoka katika sinia lake. Nilipokuwa mwalimu, niliwaambia wenzangu kwamba dada yangu ni mfanyabiashara, naye alijua kwa nini nilichagua neno hilo. Mwaka huu, ndugu walipopanga kukusanyika kwangu Somanda, niliazimia kumtunuku mbele yao sinia dogo lenye mikate sita ya udongo wa plastiki, ule unaofinyangwa kwa vidole na kukazwa kwa joto la oveni. Lilikuwa ombi la msamaha nililoshindwa kulitamka.

Nilijifunza kwa video na maandishi. Kwa wiki mbili niliuchomachoma udongo kwa mswaki mkavu, nikaugandamiza kwa foili iliyokunjwakunjwa, nikaupaka vumbi la chaki ya kahawia. Asubuhi ya siku yenyewe mikate ilitoka ovenini ikiwa imelingana mno, vitundu vilevile kila upande. Nilijua kuna kitu kimekosekana, lakini sikujua ni nini. Na wageni walitarajiwa saa sita.

Saa tatu dada akafika kusaidia kupika.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu Kisukuma. Kabla sijalifunika sinia alikwisha kuliona. Akachukua mkate mmoja, akaugeuza karibu na jicho. "Hivi vitofali ni vya nani?"

Nilimwona akilitambua sinia lake kwa rangi ya bluu niliyoibandua ukingoni kama ilivyobanduka ya lile la stesheni, kisha akaelewa ile ilipaswa kuwa mikate ya nani.

"Ndivyo ulivyoiona?" akauliza. "Miaka yote ile ukiila?"

Jibu kwamba nimefuata maelekezo lilinifika mdomoni. Nikalimeza.

"Sijui ulivyokuwa ukiioka, dada. Sikuwahi kukuuliza."

Akaurudisha mkate siniani. Kisha akanawa mikono.

"Udongo umebaki?"

"Wa mikate miwili tu."

"Lete. Na huo mswaki kasugulie meno."

Mkate wake, alisema, uliiva ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ubavu ulishika bati ukawa laini. Uso wa juu ndio uliopasuka. Na kwa kuwa makaa hayakupata kulingana, upande mmoja ulibaki mweupe. Nikalainisha ubavu kwa mgongo wa kijiko, nikapaka chaki upande mmoja tu. Mkate wa pili aliuchukua mwenyewe, akauvuta taratibu kwa ncha za vidole hadi ukagawanyika, ukiacha nyuzi na mashimo yasiyofanana.

"Abiria hana kisu," akasema. "Anaumega."

Nikanyoosha sindano niuboreshe.

"Acha."

Nikaacha.

Tukaitia ile miwili ovenini. Honi ya kwanza ilisikika getini nilipokuwa nikiitoa. Dada akaweka mkate uliomegwa katikati ya sinia, ule mzima kando yake, akavikusanya vile vitofali sita mkobani. "Hivi wajukuu watajengea."

Wageni walipouliza ni nani aliyetengeneza kitu kile, na kwa nini mkate, nilisimama nikawaeleza nilivyosomeshwa, na nani. Nilimtaja kama nilivyopaswa kumtaja tangu zamani: muuza mikate wa Malampaka, dada yangu.