Paa la Dhahabu Nyuma ya Baba

Jikoni kwetu, katika mtaa wa Tena, kulikuwa na kalenda ya duka la dawa iliyogoma kutoka mwezi wa Mei. Miaka ilipita, Mei ikabaki, kwa sababu Mei ilikuwa na picha ya hekalu la Bangkok lenye paa la dhahabu, na Mama hakutaka mtu aifunue. Aliosha vyombo akiitazama. Ukimuuliza anaona nini hapo kila siku, alikujibu kwamba anataka kujua, nyuma ya hilo paa, watu wanaanika wapi nguo zao. Hakuota kwenda. Alitaka kuona tu.

Kwa hiyo Baba, fundi wa karakana ya reli, alipochaguliwa kwenda kozi fupi huko huko Bangkok, nyumba ilijaa vigelegele. Nilikuwa darasa la saba na mdomo wangu haukuwa na breki. Kufika jioni ploti nzima, wapangaji wote, ilikuwa na habari. "Buda wenu anaenda majuu!" vijana walinipigia kelele, nami nikatembea kama mwenye barabara. Watu wa kanisani waliagiza saa, redio, vitambaa. Mama aliagiza kitu kimoja.

"Baba watoto, niletee ule mji. Piga picha nami niuone."

Baba akaazima kamera, akaenda.

Sasa ngoja nikueleze mambo yetu na picha siku zile. Picha isiyo na mtu ilikuwa filamu iliyoharibika, kwisha maneno. Mpiga picha aliyetungoja nje ya kanisa kila Jumapili ndiye aliyetufunza: simama wima, katikati kabisa, usicheke. Na Baba, maskini, alikuwa mwanafunzi mwema kupita kiasi.

Aliporudi na picha zikasafishwa, tulibanana sebuleni kuzitazama. Jamani! Baba mbele ya hekalu, amelifunika lote, kimebaki kipande cha paa kinachong'aa kando ya sikio lake kama hereni. Baba mbele ya mto, mto hauonekani. Baba mbele ya ghorofa, limebaki dirisha moja begani. Suti ile ile ya kahawia, uso ule ule wa matanga, mpaka picha ya mwisho.

Mama aliziweka mezani. "Wewe nakuona kila siku," akasema, akaingia jikoni. Nilimsikia akilia, na sikuwahi kumsikia akilia pasipo msiba. Nilimkasirikia Baba mpaka nikashindwa kumwangalia.

"Sasa ningepiga nyumba tupu," Baba alituambia sisi watoto, kwa sauti ya chini, "mama yangu kule Kakamega angeamini vipi kwamba nilifika?"

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, hakugeukia nyumbani. "Twendeni Bangkok," akasema. Tukamfuata kuelekea mtaa wa Mowlem, viatu vya kanisani vikitubana, Mama nyuma kabisa, amenuna.

Tulipofika mtoni Baba alisimama. "Huu ndio mto wao, ila wa kwao ni mpana sana, maji ya rangi ya chai. Kina mama wanauza ndizi na supu ndani ya mashua. Unaita, anakupigia kasia mpaka ulipo." Kwenye lami akainua mkono. "Hapa juu pana barabara nyingine, imepita hewani, na magari yamekwama huku na huku." Mbele kidogo akatuonyesha watawa wa hekaluni, wamenyoa vichwa, nguo rangi ya chungwa, wanapita alfajiri pekupeku na watu wametoka kuwapa wali.

"Wali moto?" Mama akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Moto. Niliona mvuke."

Alisogea mbele, akawa sambamba naye. "Na nguo?"

"Wanaanika kwa veranda za maghorofa, kama mtaa wa Umoja tu. Mashuka, sare za shule. Hata chupi nimeziona, Mungu anisamehe."

Mama alicheka mpaka akamshika mkono ili asianguke, na hakuuachilia, mchana kweupe, watu wa kanisa wakitazama. Niliona aibu. Lakini moyoni nilifurahi kuliko siku zote.

Mlangoni petu Baba alituvua viatu sote, maana hekaluni ndivyo watu wanavyoingia. Mama aliingia pekupeku, polepole, akitazama juu, kwenye mabati yetu. Kesho yake Mei ilikuwa imeondolewa ukutani. Mahali pake palikuwa na Baba na hereni yake.

Picha hiyo ndiyo tuliyopeleka mjini kuchapishiwa tangazo la mazishi, miaka mingi baadaye, Baba alipotuacha. Mwenye duka aliitazama akasema hayo ya nyuma yanachanganya macho, atayakata abakishe uso.

"Usikate," Mama akamwambia. "Huo mji ni wangu. Aliniletea yeye."

Haukukatwa. Tukampeleka Kakamega na dhahabu yake sikioni, na kila aliyeuliza hicho ni kitu gani, Mama alimsogezea kiti, akampangusia vumbi, akaanza kumweleza mahali ambapo watu wa Bangkok wanaanika nguo.