Ulsa na Nyumba ya Mifupa

Wifi yangu Ulsa aliolewa kwetu kutoka kisiwa cha pili, na tangu aliposhuka mtumbwini hakupumzika. Alisaga shayiri amepiga magoti mpaka vidole vya miguu vikapinda. Tulipojenga nyumba ya kuwekea mifupa ya wazee wetu, alibeba mawe mengi kuliko wanaume wengi, kapu mgongoni, ukanda wa ngozi umemkaza kichwani. Miaka ikapita, ukanda ule ukamwachia kibonde utosini. Alikuwa akikishika na kucheka: "Wifi, siku moja utateka maji hapa!"

Akafa. Tukamlaza kwenye jukwaa la mwambani, tai wafanye kazi yao ya kula nyama, kama wanavyolazwa wote. Nikamwendea Brodak, mkubwa wa ukoo, nimwombe mifupa ikishatakata iingie ndani, karibu na ya kaka yangu, mumewe aliyemtangulia.

"Mgeni haingii kwa wazee wetu," akasema. "Mifupa ya wageni ni ya baharini."

"Mgeni? Na hayo mawe kabeba nani? Wewe ulikuwa unanyoosha kidole tu!"

"Dada, chunga mdomo wako."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, jembe walimpa, akalima mpaka akazeeka, na bado eti mgeni!

Majira yaleyale mama yake Brodak naye akafa, akalazwa jukwaa hilohilo. Mama yule hakuwahi kubeba hata kapu la mwani. Kisha dhoruba ikaliangusha jukwaa, mifupa ya wawili wale ikachanganyika.

Brodak akaja na ngozi nyeupe ya ndama ya kufungia mifupa, watu wanaimba nyuma yake. Akainama, akaokota fuvu, akalikumbatia. Mimi nikakiona kibonde utosini.

"Una hakika ndiye?" nikamwuliza.

"Mtu atashindwa kumjua mama yake?" akaning'akia. "Hilo lingine la mgeni wako, katupe."

Si aliniambia nichunge mdomo? Nikauchunga. Nikalibeba lile lenye utosi laini, lisilo na kibonde, nikalitupa baharini kama nilivyoagizwa.

Sasa kila mavuno Brodak hutambaa kwa tumbo kuingia nyumba ya mifupa, akamwekea Ulsa shayiri ya kwanza na maziwa, akimwita mama. Wengine wangecheka. Mimi bado nawaka. Ulsa alipokuwa hai, homa inamtafuna, aliomba kibakuli kimoja tu cha maziwa hayo, na Brodak akamjibu kwamba ng'ombe ni wa wenyeji.