Jumamosi Waliyohamia Shangani

Kanisa letu lina sheria nyingi, lakini ile ambayo waumini wanaishika kwa meno ni ya jumuiya. Ukikosa misa, ni siri yako na Mungu. Ukikosa jumuiya, mtaa mzima utakuwa na habari kabla ya saa nne. Kila Jumamosi asubuhi familia za Kikatoliki za upande wetu hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanatoa nia zao, kila mtu na ombi lake, wanaimba, kisha mwenyekiti anatangaza nyumba ya Jumamosi inayofuata. Zamu inazunguka na nyumba hairukwi. Hata mjane wa chumba kimoja cha kupanga hutoa kitanda nje, akatandika mkeka, na watu wakabanana humo wakitokwa jasho na kumsifu Bwana. Hivyo ndivyo nilivyokua nikiona, na ndiyo maana mpaka leo sijawasamehe.

Mama yangu aliipenda jumuiya kuliko chakula. Alikuja Mtwara akiwa bado mke kijana, akimfuata baba aliyepata kazi ya ukarani bandarini, wote wawili watu wa Mbinga, wageni kabisa kwenye mji huu. Hakuwa na dada hapa, hakuwa na shangazi. Jumuiya ikawa ukoo wake. Ndio waliomhudumia alipojifungua, ndio waliokesha naye baba alipofariki. Yeye naye aliwalipa kwa sauti yake, maana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akikosekana yeye, kila mtu aliuanza wimbo kwa sauti yake na ukafia njiani.

Mimi nikaolewa na Mwislamu. Mume wangu ni Mmakonde, kwao ni wakulima wa korosho kijiji cha nyuma ya Mikindani, na mwenyewe ana duka la vipuri vya pikipiki mjini. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Mama alinuna kwa muda mrefu, kisha akachoka kununa. Kanisa halikuchoka. Niliambiwa siruhusiwi kukomunika, nikakubali, kwa sababu sheria niliijua kabla ya kuivunja. Kwa hilo simlaumu mtu. Kila Jumapili nakaa benchi la nyuma, wenzangu wanapanga foleni kwenda mbele, mimi natazama visigino vyao.

Kiharusi kilipompiga mama upande wa kushoto, tulimhamishia kwetu Likombe. Mume wangu alimpa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, apate kuona watu wakipita. Kwa heshima ya ukwe, hakuingia chumba hicho hata mara moja. Asubuhi alisimama nje ya mlango, akamwamkia, akamuuliza ameamkaje, na akishajibiwa anakwenda dukani. Jioni alikuja na machungwa, au na viazi vya porini, ming'oko ya kuchemsha ambayo mama alijifunza kuipenda huku Mtwara, akaiweka kwenye kiti cha kando ya mlango na kuniita nikampe.

Mama hakuwa mtu wa madai. Alitaka kitu kimoja tu, jumuiya ije isali kwake. Kwa kuwa hakuweza tena kuifuata, aliona haki yenyewe imfuate. Nikirudi Jumamosi, kabla sijavua viatu, aliniuliza imetangazwa nyumba gani. Nikimtajia, anakunja vidole vya ule mkono mzima na kusema bado fulani na fulani, halafu sisi. Zamu yetu ilifika, ikapita. Ikazunguka mji, ikarudi, ikapita tena. Mama alisema labda njia ya kwetu ni mbaya wakati wa mvua. Aliwatafutia sababu kila walipomruka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimezoea kuuliza swali mpaka lijibiwe. Baada ya misa moja nilimfuata mwenyekiti wa jumuiya. Ni afisa mstaafu, mtu mwenye sauti laini, hodari wa kuuma na kupuliza. Alinivuta kando, karibu na pango la Bikira Maria, kana kwamba anaokoa heshima yangu.

"Mwalimu, si kwamba hatutaki," alisema. "Ila wanajumuiya wanasita. Wanasema sebuleni kwenu pana aya ya Kurani ukutani. Na mwenye nyumba je, hatakwazika tukiimba?"

Nilimjibu kwamba mwenye nyumba anasikiliza nyimbo za mama kila siku iendayo kwa Mungu na hajakwazika bado. Akatabasamu. Akasema ni suala la kuelewana tu, kwamba aya ikishushwa, na mwenyewe akipata kasafari kidogo asubuhi hiyo, hakutakuwa na tatizo lolote. Kasafari kidogo! Yaani mtu aondoke kwenye nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, ili watu wa upendo waweze kuingia.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimweleza mume wangu nikitegemea akasirike, tukasirike wote wawili, nipate nafuu. Hakukasirika. Aliuliza kama mama anazijua habari hizo, nikasema hapana.

"Basi asijue," alisema. "Ukuta ni wangu, naweza kuuvua na naweza kuuvalisha. Waambie waje."

Akapanda kwenye kiti, akaiteremsha ile aya ndani ya fremu yake, zawadi ya mama yake mzazi siku tuliyohamia, akaifunga kwa kanga safi na kuiweka juu ya kabati. Nilibaki natazama alama nyeupe iliyobaki ukutani nikaona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yangu.

Nikampelekea mwenyekiti jibu, na Jumamosi iliyofuata ikatangazwa mbele ya wote: wiki ijayo, kwa mwalimu, Likombe. Nilipomwambia mama alilia kwa jicho moja, la pili lilikuwa limeshakauka kwa ugonjwa. Wiki nzima akawa bosi wetu. Niliambiwa nifue kitambaa cheupe cha meza, nipige pasi, nitafute mshumaa mrefu, siyo hii mifupi ya umeme ukikatika. Padre alikuwa amepiga marufuku chai kwenye jumuiya kwa sababu watu walianza kushindana kwa vitafunwa, lakini mama alisema chai ya rangi na mihogo si mashindano. Mikeka ilitoka Mikindani kwa mama mkwe wangu. Aliituma kwa bajaji, ikiwa imekung'utwa, na salamu kwamba mgonjwa asikae chini bila mto.

Siku yenyewe mume wangu alirudi msikitini alfajiri, akanywa chai akiwa amesimama, akawasha pikipiki na kuondoka. Nilimwogesha mama, nikamsuka, nikamvisha kitenge chake cha sare ya kina mama wa kanisani, nikamwegemeza kwa mito sebuleni akitazama mlango. Meza ilikuwa mbele yake, na msalaba, na mawaridi mawili niliyopewa na jirani. Akaniagiza niwashe mshumaa watakapobisha hodi, usije ukaungua bure.

Saa ya jumuiya ikafika. Jua likapanda, likaingia mlangoni, likatambaa juu ya mikeka. Mama alikuwa akikohoa kidogo kidogo kuisafisha sauti, kama afanyavyo mtu atakayeanzisha wimbo. Nilimpigia mwenyekiti, simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia tena. Mwishowe nikampigia mama mmoja tunayekaa naye benchi moja, naye akapokea kwa kunong'ona. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

"Kwani hamkuambiwa?" aliuliza. "Tumehamia Shangani. Kuna bosi mpya kahamia, kaomba nyumba yake iombewe. Lilitangazwa jana kwenye kundi la wasapu."

Kwenye kundi hilo kila familia ilikuwa na namba moja, na namba ya familia yetu ilikuwa ya mama, ya simu yake ya kitochi isiyojua wasapu ni nini. Wote walilijua hilo, maana siku zote matangazo walikuwa wakimpigia. Nikamuuliza yule mama kama hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mgonjwa anawasubiri. Akasema neno ambalo nadhani hakulipima: "Mwenyekiti alisema mama yupo tu, haendi popote. Hata wiki ijayo tutamkuta."

Baadaye nilisikia kwamba Shangani walikula supu na chapati, na marufuku ya padre haikutajwa na mtu.

Nilirudi sebuleni nikamwambia mama ukweli. Sikuwa na uongo wa kumfaa. Alitazama mikeka mitupu, halafu akasema, "Basi tusali. Washa mshumaa." Akaanza wimbo kwa ule mdomo uliopinda, nami nikaitikia peke yangu, kwa hasira kuliko kwa imani.

Tulikuwa tumemaliza Injili mume wangu aliporudi. Alikuwa amehesabu kwamba wageni wameshaondoka. Alisimama mlangoni, akaona mikeka, akaona sufuria ya mihogo haijafunuliwa, akaelewa. Akavua kofia, akakaa kwenye kizingiti, mgongo mlangoni, macho chini, kama akaavyo mtu mbele ya mkwewe. Tulipofika kwenye nia, mama alisema yake, nami nikasema yangu, ambayo haikuwa njema. Kisha mama akamgeukia.

"Na wewe mwanangu, huna nia?"

Alifikiri. "Mama apone," akasema.

"Ee Bwana, utusikie," tukaitikia mimi na mama.

Jioni ileile aya ilirudi ukutani, na mimi ndiye niliyemshikia kiti.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na semina parokiani. Iliyofuata jumuiya ilikwenda kwingine, na sikuulizwa tena ni wapi. Mama aliacha kuuliza. Hilo liliniuma kuliko kurukwa kwenyewe, kuingia ndani na viatu mkononi na kukuta mama anatazama dirisha bila kugeuka. Alikufa siku ya kazi, mchana, nikiwa darasani. Aliyekuwa ameshika mkono wake ni mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akija kumwangalia saa za shule.

Jumuiya ikaja. Msibani nani akose? Walikuja na maturubai, na spika, na kina mama wote wakiwa ndani ya sare. Hawakuijua njia. Mume wangu alisimama njia panda juani, na kofia yake kichwani, akielekeza gari baada ya gari mpaka mlangoni petu. Walijaa chumbani kwa mama, wakajaa sebuleni chini ya ile aya, na safari hii hakuna aliyesita. Waliimba vizuri, lazima niseme. Kaburi lilichimbwa na majirani zetu, wengi wao Waislamu, na pilau ilipikwa na mawifi zangu, ambao walikuwa na macho mekundu kwa moshi tangu asubuhi. Mwenyekiti alishika kipaza sauti akamvisha marehemu kilemba cha ukoka: nguzo ya jumuiya, sauti ya jumuiya, pengo lisilozibika. Nilimtazama usoni. Hakupepesa.

Tulipotoka makaburini alikuja kunishika mikono yote miwili.

"Jumamosi hii jumuiya ni kwako, mwalimu," alisema. "Tunakuja wote, tumalize msiba wa mama yetu."

"Karibuni sana," nikamjibu. Niliisema kwa adabu kiasi kwamba mume wangu aligeuka kunitazama.

Maana nilikuwa nimeshaamua. Jumamosi ile sikutandika hata jamvi. Nilifunga madirisha, nikazima simu, nikatia kufuli getini, nikapanda nyuma ya pikipiki ya mume wangu tukaenda Mikindani kwa mama yake. Nilitaka waje. Nilitaka waje wote na vitabu vyao vya nyimbo, wakute kufuli, wasimame juani wapige simu isiyopokelewa, watazamane, kila mmoja ajue kwa nini. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mwenyekiti atakaponilaumu. Nilikuwa nayo mazuri. Kwa mama mkwe nilikula samaki na muhogo mpaka nikaomba tena, na tangu tumzike mama sikuwa nimekula hivyo.

Tulirudi jua likiwa limelegea. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu, jirani yetu alikuwa barazani akipanga maandazi ya jioni. Huyo hapitwi na kitu. Nilimsalimia, nikazungumza naye habari za joto, kisha nikamuuliza kama mtu asiyejali kama wale wageni wangu walisubiri sana.

"Wageni gani?" akauliza.

"Watu wa kanisani. Walikuwa waje asubuhi kusali."

Akaacha maandazi, akanitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiomba.

"Mimi nipo hapa tangu asubuhi, mwalimu," alisema. "Kwako hajabisha mtu."