Jumapili Claudette Aliyokwenda Kusikia Machuma

Ovila Gendreau alikuwa fundi wa boila mjini Woonsocket kwa miaka thelathini na minane, na aliyewahi kumsubiri kwenye nyumba baridi mwezi wa Januari anajua alivyokuwa akifanya kazi. Hakufungua kitu kwanza. Alilaza sikio kwenye bomba, akafumba macho, akasikiliza weee, na ndipo akatoa spana. Wenye nyumba walidhani ni ufundi tu. Ufundi ulikuwepo, lakini pia jamaa alikuwa anastarehe. Boila bovu linapokoroma na kugongagonga lilimburudisha kuliko nyimbo zote za redioni, na aibu ya jambo hilo aliibeba peke yake mpaka alipofika miaka thelathini na tisa.

Mwaka huo aliitwa kutengeneza boila kwenye kiwanda cha zamani cha nguo, huko mji wa jirani wa Providence, jengo ambamo siku hizo vijana walikuwa wamehamia na magodoro yao. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anaburuta mnyororo juu ya pipa la mafuta, na ndani ya pipa ameweka maiki, na huo ndio muziki wake. Ovila aliweka spana chini, akasimama mlangoni mpaka yule mtu akamaliza. Hakuwahi kueleza vizuri kilichompata. Alisema tu kwamba alijiona kama mtu aliyeongea peke yake maisha yake yote, kisha siku moja jirani akamjibu.

Tangu hapo kila Jumapili mchana alikwenda Providence. Gerejini kwake alitundika bati la chuma lililomzidi urefu, akalifungia springi za mlango, akabandika maiki ndogo ndogo nyuma yake, na waya zote zikaingia kwenye amplifaya. Akalisugua, akalipiga, akalivuta springi. Jumapili alilipakia kwenye gari lake la kazi, akaenda kulipiga kule kiwandani, na watu wa kule walimpenda. Ni watu wa ajabu kidogo, lakini wana adabu yao. Ukiingia unachukua vizibo vya masikio kwenye kopo la biskuti. Mnasimama mikono mmeikunja, macho sakafuni, wala hupigi makofi mpaka sauti ya mwisho ife kabisa. Kila mpigaji ana robo saa, haiongezwi hata akiwa nani, na hakuna kurudia. Mkimaliza mnabadilishana kaseti. Ovila alikuwa na kaseti mpaka kwenye kabati la sahani.

Mkewe, Claudette, aliyekuwa mpishi wa shule na sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, hakukanyaga kule hata siku moja kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwa na ugomvi. Aliyaita tu "hayo machuma yako," na watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alisema kaenda kutengeneza boila. Neno hilo lilimuuma Ovila, naye akalimeza.

Sasa basi, wamestaafu wote wawili, nyumba imepata mnunuzi, na wanahamia Florida kukaa karibu na binti yao, Renée. Kule nafasi ni ndogo. Siku moja wakiwa mezani Claudette akaweka uma chini.

"Kabla hayo machuma hayajapanda lori, nataka niyasikie mara moja," alisema. "Nikiona yana maana, tunakwenda nayo. Nikiona hayana, yanabaki huku, na wewe usije ukaninunia."

Ovila alikiri kwamba hiyo ni haki. Kisha akakosa usingizi wiki nzima. Alijiuliza mwanamke aliyeimba kwaya miaka arobaini ataona maana gani kwenye bati linalosuguliwa. Na bila bati lile angekuwa nani huko Florida? Mzee mmoja tu kati ya wazee, anayesubiri chakula cha mchana. Hofu hiyo ikampa wazo baya. Alipanda darini, akashusha kinanda kidogo alichokuwa nacho Renée utotoni, akaanza kujifunza kwa siri ule wimbo wa taratibu waliochezeshwa siku ya harusi yao.

Jumapili ikafika. Saa tisa mchana Claudette aliingia kiwandani amevaa nguo zake za kanisani, mkononi pai ya nyama, kwa sababu kwao huendi kwa watu mikono mitupu. Mwenye kupanga shughuli pale alikuwa dada mmoja aliyenyoa kipara, Ines Furtado, karani wa posta. Alipokea pai kwa mikono miwili, akamsogezea kopo la vizibo. Claudette akakataa. Alisema amekuja kusikia, hakuja kuziba masikio.

Ovila akasimama mbele ya bati lake, akaligeuzia mgongo, akapiga kinanda. Wimbo wa harusi, polepole, mwanzo hadi mwisho, kisha tena mwanzo. Watu wakakunja mikono. Dakika tano zikapita. Kila mtu mle ndani alijua kwamba muda wowote lile bati litanguruma na kuuchanachana wimbo vipande vipande, wakajikaza kulisubiri. Dakika kumi. Jamaa mmoja mnene mwenye ndevu, Lonnie, akaanza kutoka jasho. Robo saa ikaisha, bati halijaguswa. Makofi yaliyofuata yalikuwa hayajawahi kusikika pale.

Lonnie alimshika Ovila bega. "Mzee, wewe ni mkatili," alisema. "Unatutundikia bati robo saa nzima, halafu huligusi? Sijawahi kusikia kitu cha kutisha namna hii humu ndani."

Wengine wakaulizia kaseti. Mmoja alisema huo ndio mwisho wa muziki, hakuna tena pa kwenda. Ovila alitamani ardhi ipasuke immeze. Ameogopa, amepiga wimbo wa bibi na bwana harusi, na watu wazima na akili zao wanamsifu kwa ujasiri.

Claudette peke yake hakupiga makofi. Alimvuta pembeni.

"Huo wimbo naujua," alisema. "Nimeucheza nikiwa na shela kichwani. Ndio unaokutoa nyumbani kila Jumapili?"

"Nilitaka upende."

"Kwani nilikuambia nataka kupenda? Nilisema nataka kusikia. Hawa wageni unawapa kitu chako miaka ishirini na miwili, mimi unanibembeleza kama mtoto mchanga."

Claudette hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Ines, akaomba mumewe apige tena. Ines akamweleza kwa upole kwamba pale hakuna kurudia. Claudette akamwambia kwamba jikoni kwake shuleni, mtoto akipewa sahani tupu kwa bahati mbaya hahesabiwi kuwa amekula. Ines alicheka, akawatazama wenzake, akazima saa yake ya mkononi kuonyesha kwamba amekubali.

Ovila akaligeukia bati. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, akijua mkewe yuko nyuma. Akalisugua kwa fimbo ya chuma, likatoa mlio mrefu uliopanda kutoka sakafuni. Akavuta springi, akalaza sikio, akafumba macho. Sauti zikapandana, zikagombana, ukuta ukatetemeka, na mahali fulani katikati ya yote hayo akasahau Florida, akamsahau hata Claudette. Claudette alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Baadaye akavishusha, akazunguka pembeni mpaka akasimama pale anapoweza kumwona usoni, asiondoke tena.

Sauti ilipokufa Ovila alifumbua macho, akamkuta yuko hatua mbili tu mbele yake.

"Baya," alisema Claudette. "Baya sana, Ovila. Sitakudanganya."

"Haya," Ovila alisema. "Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Huo uso uliokuwa nao sasa hivi, mimi sijawahi kuuona. Nimelala na wewe miaka thelathini na minne. Hawa wote wanaujua, mimi mkeo siujui. Nimewaonea wivu."

Ovila alisema hakujua kama ana uso wowote anapopiga. Akaanza kuchomoa waya kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Lonnie akaja kumsaidia kulishusha bati. Claudette akamwambia aende akale pai kabla haijapoa, akakunja mikono ya gauni lake la kanisani, akashika upande wa pili wa bati.

"Tunakwenda nayo hayo machuma," alimwambia mumewe. "Na mguu wangu uuangalie."