Tangi la Samaki Dirishani

Juzi, nikisubiri daktari, niliona tangi la samaki lililoota utando wa kijani kioo kizima, nikasikia tena harufu ya samadi.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mgonjwa wa kulala tu. Shangazi alimletea samaki wawili katika tangi la kioo awe anawatazama, tukawaweka dirishani. Maji yalipoanza kuwa kijani, mama alisema yanastawi, akatia samadi kidogo, kama alivyozoea kuitilia migomba ya kibanja chetu. Nami nilifurahi, hadi maji yakawa mazito, samaki wasionekane.

“Bado wapo?” baba aliuliza.

“Wapo, baba,” nilimjibu. “Wamejificha kivulini.”

Sasa najua dawa ya ukijani ule: kubadilisha maji, na kuliondoa tangi juani. Lakini baba hakuweza tena kugeuka, na macho yake yaliishia pale dirishani; tungelihamisha tangi, asingeliona tena.